Nyumba ya Wageni ya Pettycur Iwekewe Bamba: Barua ya Wazi kwa Kiongozi wa Baraza la Fife

Mheshimiwa,

Nakuandikia kuhusu nyumba ya wageni iliyopokea abiria wa kivuko pale Pettycur, bandari ya Kinghorn katika pwani ya Fife, Uskoti, ambayo sasa haipo tena. Naomba mahali pake pawekwe bamba la kumbukumbu.

Kando ya barabara za Fife bado zimesimama nguzo za chuma zinazohesabu maili hadi Pettycur. Mgeni anayezisoma anaposhuka bandarini hukuta ghuba ndogo, asielewe kwa nini safari zote hizo zilipimwa kutoka hapo. Sababu ni kivuko cha Leith, bandari ya Edinburgh iliyo ng'ambo ya ghuba ya Forth. Waliovuka walishukia hapa, kisha magari ya farasi yakawachukua kuelekea kaskazini.

Saa ya kuondoka iliamuliwa na bahari. Upepo ukichafuka, au maji yakipwa, mwenye haraka na asiye na haraka wote walikaa kungoja. Walihitaji moto, chakula na pa kulala. Farasi nao walihitaji zizi na majani. Kwangu mimi nyumba ile ilikuwa sehemu ya kivuko sawasawa na gati lenyewe. Na hofu ya maji yale haikuwa ya watu wanyonge tu. Mwaka 1769 mwanafalsafa David Hume alimwandikia rafiki yake mwanauchumi Adam Smith, aliyekuwa Kirkcaldy huku Fife, kwamba anauona mji huo kutoka madirishani pake Edinburgh, ila bahari iliyo katikati inamtisha kwa jinsi inavyomchafua roho. Tarehe 18 Agosti 1773 waandishi Samuel Johnson na James Boswell walivuka kutoka Leith, wakapitia kisiwa cha Inchkeith, wakashukia Kinghorn.

Huko Edinburgh, nyumba ya wageni ya Boyd, alikofikia Johnson siku chache kabla, nayo imetoweka. Lakini bamba ukutani linamwambia mpita njia ilikuwa wapi. Fife nayo inastahili hivyo.

Reli ilipoanzia Burntisland, bandari jirani ya Fife, mwaka 1847, abiria walihamia huko. Mwaka 1850 meli yenye mfumo wa kupakia uliobuniwa na mhandisi Thomas Bouch ikaanza kuvusha mabehewa kutoka Granton, upande wa Edinburgh, na Daraja la Forth, la reli, likafunguliwa mwaka 1890. Pettycur haikuwa tena na wa kumngoja.

Bamba liwe karibu na gati, mahali watu wanapopita kwa miguu. Lisiishie kwa Johnson na Boswell. Liwataje pia wapishi, watunza farasi na mabaharia. Nguzo za maili nazo zipakwe rangi, maandishi yake yasomeke.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Fife