Kwa Nini Kaliperi Kubwa Peke Yake Haiboreshi Breki za Porsche 911 ya Zamani

Lalamiko linalotufikia mara kwa mara hapa gereji yetu ya Ndeeba, Kampala, huja kwa sura moja. Mteja amenunua mtandaoni kaliperi kubwa za mbele, yaani vile vyuma vyenye pistoni vinavyobana pedi kwenye diski, zimemfikia kutoka Ulaya au Dubai zikiwa zimepakwa rangi nyekundu inayong'aa, naye anataka tuzifunge asubuhi na kumkabidhi gari jioni. Tukimwandikia makadirio yenye masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali ikikanyagwa), mipira ya breki, diski za nyuma na siku kadhaa za ufundi, anaona tunambambikia vitu ambavyo hakuviomba. Hivi karibuni mmoja wao, mzee ambaye gari lake tumelihudumia kwa muda mrefu, aliondoka amekasirika, akafungiwa kaliperi zake mahali pengine, kisha akapiga simu kutueleza kwamba bei yetu ilikuwa ya wizi na kwamba, hata hivyo, pedali sasa inazama hadi karibu na sakafu na angependa tuiangalie. Kwa kuwa lalamiko lake ni la wengi, tumeona tulijibu kwa maandishi.

Porsche 911, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, ina injini ya silinda sita iliyokaa nyuma kabisa, nyuma hata ya ekseli ya nyuma, na kwa sababu hiyo karibu asilimia 60 ya uzito wa gari huwa juu ya matairi ya nyuma. Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito huhamia mbele kama katika gari lolote, lakini kwa hesabu zetu matairi ya nyuma ya 911 kwenye lami kavu hubaki yamebeba takriban asilimia 40, ilhali gari la kawaida lenye injini mbele hubakiwa na robo tu au pungufu. Breki za nyuma za gari hili si za kusindikiza. Waliolibuni walijua hivyo, na ndiyo maana tangu mwanzo waliliwekea diski katika magurudumu yote manne, wakati ambapo magari mengi yalikuwa bado na ngoma nyuma.

Anayeongeza kaliperi za mbele tu anauvuruga mgawanyo huo. Mbele pana tairi jembamba lenye mzigo mdogo, na likipewa nguvu kuliko linavyoweza kushika, gurudumu hufunga mapema, hasa barabara ikiwa imelowa, na gurudumu lililofunga halisikii usukani. Dereva hulazimika kulegeza mguu ili gari limtii tena, na akilegeza, breki za nyuma ambazo bado zilikuwa na uwezo wa kumsaidia nazo hukosa presha. Gari lenye kaliperi za kujivunia linasimama mbali zaidi kuliko lilivyosimama likiwa na zile za zamani. Kuzidisha za nyuma ni kubaya zaidi, kwa kuwa nyuma ikifunga kwanza, injini ile nzito hutaka kutangulia na gari huzunguka kabla dereva hajawahi kufanya lolote. Kiwanda chenyewe kilipoongeza nguvu za breki kwenye Carrera ya lita 3.2, iliyouzwa kama modeli za 1984 hadi 1989, kiliweka diski za unene wa milimita 24 mbele na nyuma, pamoja na vali ya kudhibiti presha inayokwenda nyuma. Seti hiyo, ikiwa kamili, ndiyo tunayoipendekeza kwa wenye 911 SC, modeli iliyoitangulia Carrera hiyo. Inaenea ndani ya rimu za inchi 15, nayo inatosha kabisa kwa gari la kilo 1,100 na ushee linaloendeshwa kwenye barabara zetu.

Turudi kwenye pedali ya yule mzee. Pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi ya breki ili isogee umbali uleule, na mafuta hayo yote hutoka kwenye masta silinda moja. Masta ikibaki ile ndogo, mguu hauna budi kushuka zaidi. Mteja hudhani ni upepo ulioingia kwenye mafuta, na fundi asiyelijua gari hukesha akitoa upepo ambao haumo. Wengine hukimbilia masta ya Turbo ya milimita 23.8, pedali inakuwa fupi na ngumu, nao hufurahi hadi siku wanayohitaji kusimama ghafla. Masta ndogo ya milimita 19 ina eneo la milimita za mraba 284 hivi, na ile ya 23.8 ina 445, maana yake ni kwamba ili kupata presha ileile mguu lazima usukume kwa nguvu zaidi kwa asilimia 57, katika gari ambalo, likiwa la miaka ya mwanzo, halina busta ya kuusaidia. Kwa seti ya Carrera sisi hufunga masta ya milimita 20.6, kisha tunaliendesha gari wenyewe kabla ya kumwita mwenyewe.

“Ni bolti nne tu, fundi,” huwa tunaambiwa. Ni kweli, kila kaliperi ya mbele hushikwa na bolti mbili. Lakini katika gari hili umbali kati ya matundu ya bolti si mmoja kwa modeli zote: baadhi ya strati za zamani, yaani nguzo za shokomzoba za mbele ambako kaliperi hufungwa, zina milimita 76, na kaliperi nyingi zinazotafutwa na wateja zina 89. Aliyekwisha kununua kabla ya kupima hujikuta akitafuta njia ya kuzilazimisha. Gari moja lilitufikia kutoka Mbarara likiwa na vipande vya chuma cha kawaida vilivyokatwa kwa grainda na kuchomelewa kwenye strati ili matundu yalingane, na tulipoosha grisi tukaona ufa umeshaanza kando ya weldi, upande wa kushoto. Kazi ya namna hiyo hatuirekebishi. Tunaagiza strati nyingine, na mteja analipa mara mbili kitu ambacho angelilipia mara moja.

Sehemu inayokula muda ni ile ambayo mteja haioni. Diski ya mbele imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo ukibadilisha diski lazima habu itoke, na ikitoka lazima beringi zisafishwe, zipakwe grisi mpya na zirekebishwe upya. Namna ya kurekebisha ni ya mkono: nati inakazwa huku habu ikizungushwa, kisha inalegezwa kidogo kidogo hadi washa iliyo nyuma yake iweze kusogezwa kwa ncha ya bisibisi, kwa kuisukuma tu, bila kuitumia bisibisi kama nyenzo. Isiposogea, beringi itachemka. Ikicheza kwa kidole, diski itayumba na kuzisukuma pedi nyuma, na pedali itakuwa ndefu kila unapotoka kwenye kona. Baada ya hapo tunaweka saa ya kupimia kwenye uso wa diski na kuizungusha diski, tuone kama inayumba. Tunayo saa hiyo, tunaitumia kwa kila gari, na muda wake umo kwenye bili.

Njia za mkato tulizoziona ni nyingi, na baadhi bado zinatuudhi. Kaliperi ya kulia ilifungwa kushoto na ya kushoto kulia, nipeli za kutolea upepo zikawa zimetazama chini, na hewa, ambayo siku zote hukaa juu, ikabaki ndani hata baada ya chupa kadhaa za mafuta kumwagwa. Afande mmoja mstaafu alijaziwa oili ya gia ya otomatiki kwenye kopo la breki kwa sababu ilikuwa karibu; kila mpira ulioguswa na oili hiyo ulivimba, kuanzia masta hadi kaliperi ya mwisho, na hapakuwa na cha kuokoa ila vyuma. Kuna pia waliochongewa pistoni za kaliperi kwa lezi. Mafundi wa Katwe wanaweza kuunda karibu chochote, nasi huwapelekea kazi nyingi, lakini pistoni ya chuma cha kawaida isiyopakwa kromu huota kutu kwenye unyevu wetu, kisha hukwama, na pedi hubaki imegusa diski hadi unasikia harufu.

Nyuma pana jambo jingine linalosahaulika. Ndani ya kitovu cha diski ya nyuma mna ngoma ndogo yenye viatu vyake, nayo ndiyo breki ya mkono. Aliyebadilisha diski bila kuvirekebisha viatu hivyo atakuja kuligundua hilo siku atakapoegesha kwenye mteremko wa Muyenga.

Kuhusu mafuta ya breki tutasema machache. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na ikishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa mtu anayeteremka kutoka milima ya Kapchorwa akiwa kwenye gia kubwa na mguu juu ya breki muda wote, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kuwa na pedali na kutokuwa nayo, kwa sababu mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Badilisheni kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei, na msichanganye na DOT 5 ya silikoni kwa sababu tu muuzaji amesema namba kubwa ni bora.

Sasa bei. Kwenye soko la vipuri la Kisekka utapata pedi za Toyota za kila aina kabla chai yako haijapoa, lakini diski na mipira ya 911 ya mwaka 1979 huagizwa nje kwa yuro, husafirishwa kwa ndege hadi Entebbe, hulipiwa ushuru na VAT ya asilimia 18, na bado hatujashika spana. Tunamwonesha mteja risiti za vifaa hivyo akitaka kuziona. Kwenye ufundi hatupunguzi, na hatuoni sababu ya kuomba radhi kwa hilo, kwani tunayemwahidi bei ya chini ndiye tutakayelazimika kumrukia hatua, na hatua inayorukwa huwa ni ile ya bisibisi na washa. Vyuma vyote vilivyotolewa tunavirudisha ndani ya katoni. Vikague, uvioneshe kwa fundi mwingine ukipenda.

Mwenye kaliperi alizokwisha kununua azilete kabla hatujaandika makadirio, pamoja na rimu moja na namba ya chesisi, tupime umbali wa matundu na nafasi iliyopo ndani ya rimu. Kupima ni bure. Kama haziingii tutakwambia siku hiyohiyo, zikiwa bado na rangi yake na unaweza kuziuza. Wanaotaka kazi ikamilike kabla ya mvua za Septemba waagize vifaa mapema, na watenge asubuhi moja ya Jumapili baada ya kukabidhiwa, kwa kuwa pedi mpya huzoeshwa diski kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 30 kwa saa mara kadhaa bila kusimama kabisa, na kazi hiyo haiwezekani barabara ya Northern Bypass ikishajaa magari.