"Nakuja usiku wa Ijumaa" hakumtoshi anayekungoja

Mhariri,

"Nakuja usiku wa Ijumaa na treni, nipokeeni." Ujumbe wa namna hii hutumwa kila likizo kutoka Nairobi kwenda kwa jamaa wa Mombasa, na kila anayeusoma hupata siku yake. Kwa wazee wetu wa Pwani siku huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kijana aliyeandika anakusudia Ijumaa yenyewe, akishatoka kazini. Tena treni ya usiku huondoka saa nne na kufika alfajiri, kwa hivyo mgeni wa Ijumaa hushuka Jumamosi. Naomba tuandike tarehe zote mbili, ya kupanda na ya kushuka.

Saa nazo zina mtego wake. Tiketi huandikwa 15:00, kijana akasema "treni ya tatu", na nyanya akaelewa saa tatu. Hapo pana tofauti ya saa sita nzima. Tuandike "saa tisa alasiri", kisha 15:00 ifuate kwa ajili ya mwenye tiketi.

Baada ya saa, stesheni. Tangu Juni 2017 abiria wa SGR, reli mpya ya Nairobi na Mombasa, hushukia Miritini, si stesheni kongwe ya mjini, na anayetoka Kisiwani kumpokea mgeni ahesabu msongamano wa Changamwe. Mgeni wa Ukunda hana haja ya kuingia mjini kupanga foleni ya feri ya Likoni; barabara ya Dongo Kundu yaanzia huko huko Miritini. Anayekwenda Mariakani, Kibwezi au Emali akate tiketi ya treni ya saa mbili asubuhi, ambayo husimama vituo vya njiani. Upande wa Nairobi, neno "Syokimau" peke yake ni hatari: pana stesheni ndogo ya treni za mjini iliyofunguliwa 2012, na pana kituo kikuu cha SGR. Dereva wa boda asipoambiwa ni ipi, mgeni ataachwa langoni kusiko na treni yake.

Linaloudhi zaidi ni jina. Katika familia tunaitana Mama Salim, Shangazi, Bi Mkubwa, na wako watoto waliokua bila kujua jina la kitambulisho la shangazi yao. Tiketi hutaka jina hilo pamoja na nambari ya kitambulisho, na mlangoni hukaguliwa. Kabla ya kupiga *639# kumkatia mzee tiketi, mwombe akusomee kadi yake herufi kwa herufi. Ukishalipa, mpelekee ujumbe wa tiketi kwenye simu yake mwenyewe, maana ukibaki kwako Nairobi hautamfaa akiwa Miritini. Na afike saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hupangwa chini ikaguliwe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine.

Idd yataka hesabu ya peke yake, kwani mwezi unaweza kuandama jioni ya Ramadhani 29. Treni ya alasiri ya siku hiyo ndiyo ya mwisho ya kutegemewa. Futari itamkuta msafiri njiani, basi abebe tende na maji. Ile ya saa nne usiku itamfikisha alfajiri ya Idd yenyewe, na ikichelewa kidogo swala itampita. Aliye na nafasi asafiri tarehe 27 au 28.

Ujumbe wenyewe ungekuwa hivi:

"Shikamoo nyanya. Napanda treni Nairobi Ijumaa tarehe 18 Desemba, saa nne usiku (22:00). Nitashuka Miritini Jumamosi tarehe 19 alfajiri, kabla ya adhana. Tuko wawili, mimi na mtoto wa miaka 5, na mizigo ni begi moja na gunia la viazi. Ami asiondoke nyumbani mpaka nimpigie tukipita Mariakani. Angoje nje ya jengo, upande wa wanaotoka. Simu ikizima, tutakaa hapo hapo mpaka kupambazuke."

Msomaji wenu,
Mikindani, Mombasa