Barua kwa mwanangu anayekwenda Napoli

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sauti uliyotuma jana nimeisikiliza, nikamsikilizisha na babako. "Buongiorno, un caffè, per favore." Umeitoa vizuri, hata babako anayekicheka Kitaliano changu cha jikoni alinyamaza. Lakini kahawa haijawahi kukufurisha midomo. Nilikuuliza umejifunza kusema nini kuhusu kamba, ukanijibu kwa emoji ya kucheka.

Basi chukua kalamu uandike kwenye karatasi, maana simu huzimika: sono allergica ai crostacei, yaani nina mzio wa crostacei. Neno la mwisho lisome "krostachei". Ndio kamba, kaa na jamaa zao wote wa gamba gumu. Irabu za Kitaliano ni kama zetu, hapo huna taabu. Taabu ni hiyo c: ikifuatwa na e au i ni "ch" yetu, na ch yao ni "k" yetu. Ukiona chiuso mlangoni, pamefungwa, usisukume.

Halafu kuna frutti di mare. Wewe na haraka zako utaona frutti udhani ni matunda, kumbe ni vyakula vya bahari. Napoli watakuletea spaghetti allo scoglio, juu unaona kome, gamberi, ndio kamba, wako chini. Hata usipowaona, uliza. Nimewapikia hao Waitaliano hapa Casuarina, Malindi, najua mchuzi unavyoanza: vichwa vya kamba vinachemshwa, vinachujwa, vinatupwa. Sahani ikifika mezani huoni kitu. Sheria ya Ulaya inawataka wenye mikahawa waseme kama chakula kina mojawapo ya vitu 14 vinavyodhuru watu, na crostacei wamo, kwa hivyo humsumbui mtu. Hiyo aibu yako ya kuuliza umeitoa kwa kina babako.

Najua utasema ningekufundisha tangu mdogo, usingekuwa unalipia programu leo. Msichana akisikika njiani Malindi akizungumza Kitaliano, watu walisema nini? Unajua. Nilinyamaza, na wala sijuti sana.

Na ile ciao ya huku, tunayomrushia kila mpita njia, usimpe mtu mzima usiyemjua. Buongiorno, jioni buonasera. Ukitaka kumuuliza mzee kitu, anza na scusi, samahani. Wasije wakasema huna wenyewe.

Ikitokea, Mungu apishe mbali, sema non riesco a respirare, siwezi kupumua. Simu ni 112. Duka la dawa lina msalaba wa kijani. Sindano yako ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie sandukuni, na barua ya daktari pamoja nayo. Jirekodi ukisema hayo ya crostacei, unitumie kabla ya kulala.

Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Pesa zako, viza yako, hukumwomba mtu. Shangazi zako nimewaambia wote.

Plagi zao ni za pini za mviringo, adapta nunua huko Nairobi mapema. Bomba lenye C ni caldo, maji moto, usijiunguze. Huku fundi wa makuti ameezeka upande mmoja akataka malipo yote. Babako amemlipa, mimi sisemi kitu. Mdogo wako anadai viatu vya shule. Friza inavuja tena, na nambari ya yule fundi iko kwako. Nitumie leo leo, mna samaki wa arusi ya jirani.

Mamako