Mshipa Usiouma: Mlete Mzee Wako Apimwe Tumbo

Juzi mzee mmoja alikuja kwenye chumba chetu cha altrasaundi hapa Chake Chake kuangaliwa tezi dume. Nilipopandisha kipimo juu ya kitovu nikauona mshipa mkuu wa damu, aota, umetanuka sentimita 4.2. Kawaida yake hapo ni kama 2. Ukifika 3 tayari ni uvimbe. Mzee hakuwa na maumivu hata chembe. Alikuwa ameshaanika karafuu zake ndipo akaja, na pakiti ya sigara i mfukoni mwa kanzu.

Wengi hudhani mshipa huchakaa kwa uzee tu. Sivyo. Ukuta wa aota una chembe hai za misuli, na ndani ya kila chembe mna vinu vidogo, mitokondria, vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Vinu vikiharibika, chembe hudhoofika na kufa. Chembe za ulinzi wa mwili nazo hukusanyika pale na kumwaga vimeng'enya vinavyokula nyuzi za elastini, zile zinazoufanya mshipa uvutike na kurudi. Mtu mzima hatengenezi tena elastini ya maana. Iliyoliwa imeliwa, na presha inaendelea kuusukuma ukuta uliobaki. Moshi wa sigara ndio mchochezi mkubwa kuliko wote.

Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuzuia uvimbe huu usikue. Metifomini, dawa ya kisukari, inachunguzwa, kwa kuwa wenye kisukari huupata kwa uchache, lakini tafadhali asije mtu akameza dawa ya jirani. Kinachosaidia ni kuacha sigara, kushusha presha na kupima. Kwa mwanamume, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji ukifika sentimita 5.5, kwa mwanamke, mapema kidogo. Yule mzee tumempeleka kwa daktari, na atapimwa tena mwakani.

Kama baba au babu yako amevuka miaka 65 na amewahi kuvuta, mlete. Kipimo ni dakika chache, hakina sindano. Aje asubuhi hajala, maana gesi ya tumbo huuficha mshipa. Dawa zake za presha anywe kwa maji kidogo.

Lakini akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, akatoka jasho la baridi au kuzimia, msije kwetu, wala msimpeleke kukandwa tumbo. Huenda mshipa umepasuka. Tafuteni gari, hospitali moja kwa moja.