Barua kuhusu mhariri wa Marion

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata. Umeuliza Warren Harding, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliwezaje kuendesha gazeti la mji mdogo huku ameketi katika Seneti ya jimbo la Ohio, na kama kazi hizo mbili hazikugongana. Ziligongana, tena mahali ambapo wengi hawapatazami: kwenye matangazo. Wanaosimulia habari zake hukimbilia urais aliouanza 1921 na kashfa zake. Mimi nabaki nawe Marion, mji wake wa Ohio, kwa sababu huko ndiko alikofinyangwa.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 18, yeye na wenzake wawili walilinunua gazeti la Marion Star kwa dola 300. Mji ulikuwa na watu 4,000 hivi, na wapinzani wa gazeti lake walikuwapo tayari. Bahati yake, mji wenyewe ulianza kupanuka. Mwaka huohuo ilianzishwa pale kampuni ya kuunda mashine za mvuke za kuchimbia udongo, na kufikia 1900 wakazi walikaribia 12,000. Duka likifunguliwa, hutafuta pa kujitangazia.

Ufundi alikuwa nao, maana alijifunza kupanga herufi akiwa kijana katika gazeti dogo la mji wa Caledonia. Mpangaji hushika trei ndogo ya chuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huokota herufi moja moja kutoka kwenye kasha lenye vyumba vingi, bila kulitazama. Herufi hizo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa metali za risasi, bati na antimoni, nazo husomwa zikiwa juu chini, ndiyo maana mwanafunzi huchanganya n na u, au b na p. Kila mstari lazima ujazwe vipande vyembamba hadi ukaze. Mstari ukilegea, rola ya wino huing'oa herufi katikati ya uchapaji. Safu zikikamilika huwekwa ndani ya fremu ya chuma na kubanwa kwa kabari. Herufi zote zina kimo kimoja, milimita 23.3. Uchafu kidogo tu ukiingia chini ya moja, inainuka na kutoboa karatasi. Gazeti likishachapwa, herufi huoshwa na kurudishwa kila moja chumbani mwake, na hapo ndipo makosa ya kesho huzaliwa: kijana akiitupa n katika chumba cha u, hakuna atakayeiona hadi prufu, yaani nakala ya majaribio, itoke.

Kujaza kurasa kwa mtindo huo kila siku kunamaliza watu. Magazeti madogo yakapata njia mbili za mkato. Ya kwanza ilianzia Baraboo, Wisconsin, mwaka 1861, Ansel Kellogg alipokosa wachapaji kwa sababu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: karatasi ziliagizwa upande mmoja ukiwa umekwisha kuchapwa, mhariri akajaza upande wa pili. Ya pili ilikuwa mabamba ya chuma yenye habari tayari, yaliyokatwa kwa msumeno pale nafasi inapoishia, hata kama sentensi haijaisha. Hasara ya karatasi zile ni kwamba matangazo ya upande uliochapwa alikuwa ameyauza mtu wa mbali, nayo mengi yalikuwa ya dawa za chupa, zile za kujinunulia bila daktari.

Upande wa fedha, usimsahau mkewe, Florence. Mwaka 1894 Harding alikwenda kutibiwa Battle Creek, na Florence akaingia ofisini kusimamia usambazaji. Aliwapanga watoto wa kuuza magazeti, akafuatilia kila senti, na akabaki pale miaka mingi. Kwa maoni yangu, bila yeye Harding asingepata nafasi ya kwenda Columbus, mji mkuu wa Ohio, ilikoketi Seneti.

Sasa sheria. Ohio iliagiza matangazo ya serikali ya kaunti, kama yale ya uchaguzi na viwango vya kodi, yachapwe katika magazeti mawili ya siasa zinazopingana. Bei yake iliwekwa na sheria yenyewe. Gazeti lisilo na chama lilikosa fungu hilo. Ndiyo sababu Star la kila siku halikujifunga na chama, lakini toleo lake la kila wiki liliegemea chama cha Republican, na mshindani wake wa chama hicho akasukumwa nje. Fedha hizi zilikuwa za uhakika, ila zilidai uangalifu. Namba ya kiwanja ikikosewa katika tangazo la mnada, mnada wenyewe unaweza kubatilishwa. Kwa hiyo tangazo la aina hiyo hulinganishwa na nakala ya mahakama neno kwa neno, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole.

Harding alichaguliwa kuingia Seneti ya Ohio 1899, na 1901 akarudishwa, ingawa desturi ilikuwa seneta kukaa kipindi kimoja tu. Hebu fikiria: aliyeketi pale alipigia kura sheria zilizogusa mapato ya magazeti, lake likiwamo. Na si serikali tu iliyomvuta mwandishi mkononi. Reli ziliwapa wahariri tiketi za bure kwa kubadilishana na matangazo. Wauza dawa nao walizidi. Katika mikataba yao waliweka sharti kwamba jimbo likipitisha sheria ya kubana dawa zao, mkataba unakufa. Mtengenezaji wa dawa Frank Cheney wa Toledo, huko huko Ohio, ndiye aliyelieneza sharti hilo. William Allen White, mhariri wa Emporia, Kansas, alisaidia kulifichua, na jarida la Collier's likalianika 1905. Sitamtwika Harding mkataba huo, lakini sharti lenyewe lilitungwa ili kila mhariri awe mlinzi wa wauza dawa mbele ya mbunge wake. Mhariri ambaye ndiye mbunge hakuwa na wa kumwandikia.

Mwaka 1903 alichaguliwa naibu gavana, na gazeti hakuliachia. Aliliuza Juni 1923 kwa dola 550,000, wiki chache kabla ya kufariki San Francisco tarehe 2 Agosti.

Ukipata nakala za Star za miaka ile, anza na matangazo madogo ya kaunti kabla ya kusoma tahariri, kisha uniandikie ulichoona. Msalimie mama.

Wako daima