Mabadiliko: Jumamosi tunakwenda Bujora

Walimu wa sanaa, wachoraji na wanahistoria wetu, habari za jioni.

Kikao cha Jumamosi hakitakuwa Kirumba tena. Ukumbi umechukuliwa na harusi, na sisi na harusi wapi na wapi! Tunakwenda Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Tunaondoka stendi ya Buzuruga saa 2:30 asubuhi. Atakayeachwa apande daladala ya Kisesa.

1. Mchango ni shilingi 10,000: nauli, kiingilio na chakula cha mchana. Mpeni mtunza hazina.

2. Beba daftari la kuchorea na penseli. Tutaanzia kwenye ngoma. Safari iliyopita tulizipita mbio, wala hatukuangalia ngozi ilivyokazwa kwa vigingi vya mti.

3. Ajenda ni moja: tujiunge na InSEA, chama cha kimataifa cha elimu kwa njia ya sanaa kilichoanzishwa 1954, au bado? Kuna ada, kwa hiyo njooni na hoja, si makofi tu.

Tafadhali andika NIPO au SIPO hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Ukikaa kimya nakuhesabu haupo, na wali unapikwa kwa idadi.