Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazazi na walezi mliofika, wazee wangu shikamooni. Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena hapa Mtwara, sisi wa kikundi chetu cha watu wenye ulemavu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kamati ilikaa, wagonjwa tuliwatembelea, misiba tulishiriki, na Desemba 3, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, tuliadhimisha. Mapato yalikuwa shilingi 2,340,000, matumizi 2,115,000, salio 225,000. Vitabu anavyo mhazini, anayetaka avikague.

Sasa niseme juu ya shilingi 1,200,000, maana maneno yamekuwa mengi, na mengine yamesemwa sokoni Chikongola badala ya kuletwa kikaoni. Wapo waliotaka fedha ile inunue vyerehani. Kamati iliamua ilipe mkalimani wa lugha ya alama ili kijana wetu kiziwi asome uchomeleaji. Hoja niliitoa mimi, na naisimamia hadi leo.

Miaka nenda rudi mtu mwenye ulemavu akiomba kusaidiwa kazi anapewa cherehani, au anaambiwa asuke mikeka. Haulizwi anapenda nini. Vyerehani tulivyogawa zamani, nendeni mkavione: kimoja kule Naliendele kinawekewa ndoo juu, kingine kimeuzwa. Waliopewa si wavivu hata kidogo. Ushonaji hawakuuchagua wao.

Kijana huyu tulimuuliza, naye akajibu kwa mikono: chuma na moto. Chuoni mwalimu alikuwa akieleza huku amevaa kinga ya uso, au amegeukia ubao. Wenzake wakiinama naye anainama, bila kujua kwa nini. Mkalimani alipofika, mwalimu akazoea kuzima mashine kwanza, wote wavue kinga, aeleze, ndipo wawashe tena. Leo mageti mawili pale Chuno ni kazi ya mkono wake. Nimeyapapasa maungio mwenyewe, hayana mabonge. Anayesema fedha zimeliwa na mtu mmoja aende akaone.

Na si kila chaguo ni ghali. Dada yetu anayetumia kiti cha magurudumu alitaka kubangua korosho. Meza ilikuwa na ubao mbele, kiti hakiingii chini, mikono haifiki kwenye mashine. Seremala aliung'oa ule ubao kwa shilingi 15,000, na dada anabangua.

Kuhusu ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Barua kwa waajiri niliziandika mimi na kuzipeleka kwa nauli yangu. Mwajiri mmoja alinijibu kwamba hana kazi zinazofaa walemavu. Nilimuuliza kama karani wake wa stoo huandika kwa miguu. Hakunijibu, lakini nitarudi kwake.

Linaloniumiza ni mahudhurio. Daftari lina wanachama 64, na kikao cha Oktoba tulikuwa 11. Mtaniambia korosho zilikuwa sokoni. Sawa, na kile cha Aprili je? Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa ajili yetu watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Wenzetu wameshaomba. Sisi tunaombaje kama kikundi wakati kikao chenyewe hakikamiliki? Ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi, na waliolipa mwaka mzima ni 17. Wengi wa wanaolalamikia fedha ya mkalimani sikuwaona katika hao 17. Nasema hivi bila chuki, lakini lazima lisemwe.

Mwaka huu, Mungu akijalia, tunatarajia kupata ofisi yenye mlango mpana, kuongeza mafundi watakaowapokea vijana wetu, na kuomba ule mkopo. Yupo binti asiyeona ambaye amesema wazi anataka kutangaza redioni. Mwenye kufahamiana na watu wa redio aje tuzungumze baada ya kikao.

Mhazini yuko pale mlangoni na stakabadhi. Tunaomba wenye malimbikizo muanzie kwake kabla hatujaingia kwenye uchaguzi wa kamati.